Karanga za Amri, Korosho za Hiari

Na Mwana wa Kusini

Wako watu wasemao kwamba nchi za joto ni maskini kwa sababu ya jua lake, na kwamba mtu wa nchi hizo halimi mpaka asukumwe. Maneno haya tuliyasikia enzi ya Mjerumani, tukayasikia tena enzi ya Mwingereza, na jambo la kusikitisha ni kwamba hata leo utayasikia yakisemwa na baadhi ya watu wetu wenyewe, waliokalia viti vile vile walivyokalia wakoloni. Husema, "Mkulima wetu hajui. Mkulima wetu mvivu. Lazima apangiwe."

Mimi nasema maneno haya ni ya uongo. Wala sitaki msomaji aniamini kwa kuwa nimesema kwa sauti kubwa. Nataka twende pamoja mpaka Kusini, katika nchi iliyoitwa Jimbo la Kusini wakati wa Mwingereza, ambayo sehemu yake leo ni mikoa ya Lindi na Mtwara, tukatazame mazao matatu yaliyolimwa huko katika muda wa miaka mia moja na zaidi: pamba, karanga na korosho. Pamba ililetwa kwa kiboko. Karanga zililetwa kwa fedha nyingi. Korosho hazikulazimishwa na mtu. Wakulima walizipanda wenyewe. Msomaji atazame ni lipi kati ya mazao hayo lililosimama, kisha aamue mwenyewe ni nani asiyejua.

PAMBA YA KIBOKO

Mwaka 1902 Gavana wa Kijerumani, Graf von Götzen, alianzisha mashamba ya pamba katika wilaya za pwani ya kusini. Viwanda vya nguo vya Ujerumani vilitaka pamba, na Wajerumani hawakupenda kuendelea kuinunua kwa Wamarekani. Basi kila jumbe akaagizwa afungue shamba la pamba katika eneo lake, na kila mwanamume akatakiwa afanye kazi humo siku 28 kwa mwaka.

Siku 28 zaonekana chache kwa mtu azisomaye katika kitabu. Kwa mkulima si chache hata kidogo. Pamba haingoji. Yataka palizi wakati ule ule mtama unapotaka palizi, na yataka mikono wakati ule ule nyani na nguruwe wanapoingia katika shamba la chakula. Mtu aliyetolewa shambani kwake siku hizo hakupoteza siku tu, alipoteza mavuno. Tena aliyezihesabu siku hizo alikuwa ni akida mwenye kiboko. Malipo yalipotolewa yalikuwa kidogo mno, hata wako waliokataa kuyapokea.

Mwezi wa Julai mwaka 1905, huko Nandete katika vilima vya Umatumbi, watu walikwenda katika shamba la pamba wakang'oa miche. Hivyo ndivyo ilivyoanza Vita vya Maji Maji. Kabla ya mshale wa kwanza kurushwa uling'olewa mche wa pamba, na jambo hili tulikumbuke kila tunaposoma habari za vita vile. Watu wale hawakuchukia kulima, maana walikuwa wakulima tangu mababu zao. Walichukia kulima kwa njaa yao ili mtu mwingine ashibe.

Sote twajua jinsi vita vile vilivyomalizwa. Mjerumani alipoona risasi hazitoshi, alichoma maghala na mashamba, njaa ikafanya kazi ambayo bunduki zilishindwa kuifanya. Wajerumani wenyewe walikadiria waliokufa kuwa watu 75,000. Wanahistoria waliochunguza baadaye wanasema huenda walifika 250,000 au zaidi. Sehemu nyingi za Kusini zilibaki mapori, na ndani ya mapori hayo wakaingia tembo na mbung'o. Kisha wakaja wageni wengine, wakayatazama mapori hayo, wakasema: "Tazameni nchi hii, haina watu, wala hailimwi!"

KARANGA ZA MFALME

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka 1945, Mwingereza alikuwa ameshinda lakini hana kitu mfukoni. Chakula kilipimwa kwa kadi huko Uingereza, na mafuta ya kupikia na majarini vilikuwa haba. Dola za kununulia mafuta ya mbegu kutoka nchi nyingine hakuwa nazo. Basi akakumbuka kuwa anayo makoloni.

Mwaka 1946 mkubwa mmoja wa United Africa Company, kampuni iliyokuwa chini ya Unilever, watengenezaji wa sabuni na majarini, alipendekeza kwa Serikali ya Uingereza kwamba karanga zilimwe kwa mashine katika Afrika ya Mashariki. Wakaletwa wataalamu watatu wakiongozwa na John Wakefield, aliyekuwa zamani Mkurugenzi wa Kilimo wa Tanganyika. Walitembea muda wa wiki tisa, safari nyingi wakienda kwa ndege. Waliporudi waliandika kwamba ekari 3,210,000 zifyekwe katika Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, na sehemu kubwa kabisa iwe Tanganyika. Gharama yake ilikadiriwa kuwa pauni milioni 24 hivi, na baada ya miaka michache zingevunwa tani 600,000 za karanga kila mwaka.

Yafaa tuseme kweli. Serikali iliyofanya jambo hili haikuwa ya makabaila. Ilikuwa Serikali ya Chama cha Labour, watu waliojiita wajamaa, na Waziri wa Chakula, John Strachey, alikuwa mwandishi mashuhuri wa vitabu vya kuupinga ubepari. Yawezekana waliamini kwa moyo safi kwamba wanatuletea maendeleo. Lakini nia njema haimfundishi mtu habari za udongo asioujua. Wazee wetu walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Kazi ilianzia Kongwa, katika nchi ya Wagogo, mwaka 1947. (Wenye Kiswahili wajua kongwa ni kitu gani na zamani kilifungwa shingoni mwa nani.) Baadaye mashamba yakafunguliwa Urambo upande wa magharibi, na Nachingwea huku kwetu Kusini. Matrekta yalinunuliwa kutoka katika mabaki ya vita, mengine toka mbali kama Ufilipino. Hata vifaru vya vita viligeuzwa kuwa matingatinga. Mengi kati ya matrekta hayo yalikufa kabla mwaka haujaisha, kwa kukosa vipuri na mafundi. Mibuyu ilikataa kung'oka. Udongo wa Kongwa una mfinyanzi mwingi na mchanga mkali. Mvua ikinyesha huwa tope, jua likiwaka hugeuka kama saruji, nao mchanga ukala majembe ya trekta kama tupa. Sasa karanga ni mmea ambao tunda lake liko chini ya ardhi. Je, mtu ataling'oaje tunda katika saruji?

Tena kuna mvua. Kila mtoto wa Kigogo ajua kwamba Ugogo ni nchi ya kiangazi kirefu, na ndiyo sababu wazee wake walifuga ng'ombe na kupanda uwele na mtama. Haukuhitajiwa utaalamu wa ndege ili kulijua jambo hili. Ilihitajiwa kukaa chini ya mti na mzee mmoja wa Kigogo na kumwuliza. Wataalamu waliwauliza wenye ramani, wakaona inatosha.

Iliagizwa kwamba mwaka wa kwanza zifyekwe ekari 150,000. Zilizopandwa zilikuwa 7,500 hivi. Mwezi Machi 1948 kampuni ile ikaondoka, na kazi ikashikwa na shirika la Serikali lililoitwa Overseas Food Corporation. Lakini kubadili msimamizi hakubadili udongo. Mwezi Januari 1951 Serikali ya Uingereza ilitangaza mbele ya Bunge lake kwamba mpango umekwisha, na zaidi ya pauni milioni 36 zikafutwa katika vitabu. Waandishi wa historia ya mpango huo wameandika kwamba karanga zilizovunwa zilikuwa chache kuliko mbegu zilizonunuliwa.

Huku Kusini ilijengwa bandari ya Mtwara yenye maji marefu, na reli kutoka pwani mpaka Nachingwea, ili karanga zipite. Karanga hazikupita. Reli ile ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, baada ya Uhuru, na vyuma vyake vikang'olewa. Na Kongwa je? Nchi ile iligeuzwa kuwa ranchi ya ng'ombe. Baada ya pauni milioni 36, ardhi ilirudi kufanya kazi ile ile ambayo Mgogo alikuwa akiifanya siku zote. Faida moja tutaikubali. Majengo yaliyoachwa Kongwa, na kambi ya Nachingwea, yalitumika tangu miaka ya 1960 kuwapokea na kuwafundisha wapigania uhuru wa Kusini mwa Afrika. Lakini Strachey hakuyajenga kwa ajili hiyo!

KOROSHO ZA WENYEWE

Sasa tutazame upande wa pili. Wakati matingatinga yakipigana na visiki Nachingwea, wakulima wa Newala, Masasi, Lindi na Mtwara walikuwa wakipanda mti mmoja ambao hakuna waziri aliyeuhutubia. Mkorosho ulitoka Brazil, nao Wareno waliuleta katika pwani hii karne nyingi zilizopita. Kwa muda mrefu ulikuwa mti wa kivuli na wa mabibo tu. Lakini biashara ya korosho ilipokua, na wafanyabiashara wa India walipotaka korosho ghafi kwa viwanda vyao, mkulima wa Kusini aliona nafasi, akaikamata.

Kwa nini aliupenda mkorosho na aliichukia pamba ya Mjerumani? Sababu si uvivu wala ujinga. Ni hesabu, na hesabu yenyewe ni hii. Mkorosho humea katika udongo wa kichanga usiofaa kwa mazao mengi. Huweza kupandwa ndani ya shamba la muhogo na mahindi, na kwa miaka ile ya mwanzo mkulima akipalilia chakula chake huwa amepalilia na mikorosho. Huanza kuzaa baada ya miaka michache, kisha huzaa kwa miaka mingi. Tena mavuno yake yaanza wakati wa kiangazi, shamba la chakula linapokuwa limelala. Pamba ya mwaka 1902 iliiba siku za chakula. Karanga za 1947 zilibishana na udongo na mvua. Mkorosho ulipatana na chakula, udongo na mvua, vyote vitatu.

Hakuna mtaalamu aliyewapangia hesabu hiyo. Waliipanga kwa jembe na kwa macho yao. Matokeo yake ni kwamba msimu wa 1973/74 Tanzania ilitoa tani 145,000 za korosho, ikawa miongoni mwa wakuu wa dunia katika zao hilo, na karibu zote zilitoka katika mashamba ya wakulima wadogo. Ndugu msomaji, weka tani hizo kando ya karanga za pauni milioni 36, kisha uniambie ni nani aliyehitaji kufundishwa kilimo.

TULIPOSAHAU SISI WENYEWE

Ningeishia hapo, makala haya yangekuwa matamu kusomwa, nasi sote tungekwenda kulala tukiwalaumu wakoloni. Lakini gazeti la chama halikuwekwa ili kutusifu. Yafaa tuseme na lile linalotuuma.

Mwaka ule ule wa 1973 ilitolewa amri kwamba kufika mwaka 1976 watu wote wa vijijini wawe wamehamia katika vijiji. Nia yake haikuwa nia ya mkoloni. Mkoloni alitaka karanga zetu. Amri hii ilitaka watoto wetu wasome, wagonjwa watibiwe, na maji yawe karibu. Na shule zilijengwa, na zahanati zilijengwa, na mtu asiyekubali hilo si mkweli. Lakini namna ya kufanya ilifanana mno na ile ya zamani. Mstari ulichorwa juu ya karatasi, lori likaja, watu wakapakiwa.

Baba yangu mkubwa alikuwa na mikorosho zaidi ya mia mbili. Alipohamishwa, mikorosho yake ilibaki maili saba nyuma yake. Mkorosho si ng'ombe, hauwezi kuswagwa. Ukiacha kufyeka chini yake, korosho huanguka katika majani zisionekane, na moto wa kiangazi ukija huunguza mti wenyewe. Mwaka wa kwanza alikwenda na kurudi kwa miguu. Mwaka wa pili alikwenda mara chache. Mwaka wa tatu moto ulipita. Alikuwa mwanachama mwaminifu, mwenye kadi aliyoitunza ndani ya Msahafu wake, wala hakusema neno baya juu ya chama. Alisema tu, "Wangeniuliza, ningewaonyesha mahali pazuri pa kuweka kijiji." Nimeyabeba maneno hayo mpaka leo.

Katika miaka hiyo hiyo ununuzi wa korosho uliwekwa mikononi mwa shirika moja la umma, na mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa. Mkulima akawa na mnunuzi mmoja, bei moja, na mlango mmoja wa kulalamikia, nao umefungwa. Sehemu ya bei ya dunia iliyomfikia ilipungua mwaka hata mwaka. Kisha ukaja ugonjwa wa ubwiriunga, ukakuta mashamba yasiyotunzwa. Msimu wa 1986/87 tani zilizouzwa hazikufika 20,000.

Jambo la kuchekesha, kama mtu ana moyo wa kucheka, ni kwamba wakati korosho zikipungua, viwanda vya kubangua viliongezeka! Kwa mikopo ya nje vilijengwa viwanda 12, vyenye uwezo wa kubangua zaidi ya tani 100,000 kwa mwaka, baadhi vikikamilika wakati hakuna korosho za kuvitosha. Wengine wetu tulimcheka Mwingereza aliyejenga reli ya karanga zisizokuwapo. Sisi tulijenga viwanda vya korosho zilizokwisha ungua maporini.

Basi somo langu la kwanza ni hili. Mzungu aweza kuondoka na mazoea yake yakabaki. Kongwa haikufa mwaka 1951. Kila mahali panapochorwa mpango mkubwa bila kumwuliza mtu ambaye mpango huo utapita juu ya shamba lake, hapo Kongwa imefufuka, hata kama mchoraji ni ndugu yetu wa damu.

BEI INATOKA WAPI?

Lakini wako watakaosema: "Hata mkulima akiachwa alime kwa hiari, mbona bado ni maskini? Alilima korosho tani 145,000, je, alijenga ghorofa?" Swali hili ni la haki, nalo lataka jibu.

Mwana wa kisiwa cha Saint Lucia huko Karibiani, Arthur Lewis, mtu mweusi aliyepewa tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1979, alilifikiri sana jambo hili. Mwaka 1954 alieleza kwamba bei ya mazao ya nchi za joto haiamuliwi na utamu wa zao wala jasho la mlimaji peke yake. Inaamuliwa na kile ambacho mlimaji huyo angepata kama angeliacha zao hilo akalima chakula chake. Baadaye alitoa mfano: mnamo mwaka 1900, ekari moja ya ngano Uingereza ilitoa ratili 1,600, na ekari moja ya nafaka katika nchi za joto ilitoa ratili 700. Kwa hiyo Mzungu wa kule hakukubali kufanya kazi nyingine yoyote kwa malipo madogo, maana shamba lake la chakula lilimpa kingi. Mtu wetu alikubali bei ndogo ya kahawa, chai au mkonge kwa sababu shamba lake la chakula lilimpa kidogo.

Fikiri basi jambo hili lasema nini. Lasema kwamba tukiongeza tani za zao la kuuza peke yake, tukaacha jembe la chakula lile lile la babu, faida ya tani hizo itakwenda kwa mnunuzi wa mbali, maana bei itashuka. Tukiongeza mavuno ya mahindi, mtama, mpunga na muhogo, ndipo mkulima atakapoweza kumwambia mnunuzi: "Kwa bei hiyo, bwana, siuzi." Mtu mwenye ghala aweza kungoja, na mtu mwenye njaa huuza leo. Wanunuzi wa kangomba wanaowazunguka wakulima kabla ya mavuno walijua siri hii zamani. Huja wakati wa njaa.

Wakoloni walifanya kinyume chake kabisa. Bwana Shamba wao, utafiti wao na reli zao vilikwenda zaidi kwa mkonge, kahawa, chai na pamba. Chakula cha mwenyeji kiliachwa kijitafutie chenyewe. Ni mabaki ya ukoloni tusiyoyaona kwa macho, maana hayana bendera.

AMRI ZA WAKOPESHAJI

Msomaji asidhani kwamba amri hutoka kwa serikali tu. Vuka mto Ruvuma uingie Msumbiji, ambako mkorosho ni mti wa watu kama kwetu. Mwaka 1995 Benki ya Dunia iliishurutisha Msumbiji ipunguze ushuru uliokuwa ukizuia korosho ghafi kutoka nje ya nchi. Wakasema mkulima atapata bei nzuri. Korosho zikaenda kubanguliwa India, viwanda vingi vya Msumbiji vikafungwa, na maelfu ya wafanyakazi, wengi wao wanawake, wakarudi nyumbani mikono mitupu. Aliyefaidi zaidi hakuwa mkulima. Hapo napo walioulizwa walikuwa wenye karatasi.

Kwetu soko lilifunguliwa kwa watu binafsi mwaka 1991. Zao lilifufuka, na tuwape haki yao waliolifufua: wakulima waliorudi kufyeka mashamba ya zamani, na wataalamu wa kituo cha utafiti cha Naliendele, Mtwara, waliofanya kazi na wakulima hao kutafuta dawa ya salfa na miche bora. Hapa mtaalamu alikwenda shambani kabla ya kuandika. Matokeo ni kwamba msimu wa 2017/18 zilivunwa zaidi ya tani 300,000, mara mbili ya ule mwaka wetu wa sifa.

Lakini sehemu kubwa kabisa ilitoka nchini ikiwa ghafi, kwenda India na Vietnam, na viwanda vingi kati ya vile 12 vilikuwa vimeuzwa, vingine vikigeuzwa maghala. Kubangua ni kazi. Anayesafirisha korosho na ganda lake amesafirisha na kazi ya binti yake. Na mwezi Novemba 2018, wanunuzi walipotaka kutoa bei ndogo, Serikali iliagiza jeshi lizinunue korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Wakulima walishangilia bei ile, na walikuwa na haki. Lakini wako waliongoja fedha zao miezi mingi, wakakopa kwa riba wakati ghala limejaa mali yao. Bei nzuri inayochelewa, kwa mwenye ada ya shule ya kulipa mwezi Januari, ni nusu bei.

TUFANYE NINI?

Nitoke Kusini kidogo, nieleze jambo lililofanyika Usukuma katika miaka ya 1950. Wakulima wa pamba wa kule walikuwa wakiibiwa katika mizani ya wanunuzi. Hawakuanza kwa kujenga kiwanda wala kwa kuomba mkopo. Walianza kwa mizani yao wenyewe, wakapima pamba kabla haijafika kwa mnunuzi, wapate kujua kweli. Kutokana na mizani hiyo vikazaliwa vyama vya msingi, na mwaka 1955 vikaungana katika Victoria Federation of Co-operative Unions, Paul Bomani akiwa kiongozi wao. Kabla ya Uhuru ushirika huo ulikuwa ukinunua na kuuza pamba ya nchi nzima ya Ziwa, na ulikuwa na vinu vyake wenyewe. Huo ulikuwa ukombozi ulioanzia kwenye mizani, ukapanda juu.

Basi nasema mambo manne, na yajadiliwe katika matawi.

Kwanza, mpango wowote wa kilimo uanze katika shamba dogo, kwa misimu miwili au mitatu, mkulima akiwa mmoja wa waamuzi. Ukishindwa tutakuwa tumepoteza ekari kumi tu, na wilaya itabaki salama.

Pili, hakuna zao la kuuza litakalopewa siku za chakula. Mtaalamu anayeleta zao jipya aulizwe swali moja kabla ya yote: palizi yake iko mwezi gani?

Tatu, hesabu za chama cha msingi zisomwe mbele ya wanachama wote, kwa Kiswahili, kilo kwa kilo na makato yote yakitajwa. Mwanachama asiyejua kilo yake ilikatwa nini hana ushirika. Ana bwana mpya.

Nne, ubanguaji uanze mdogo, karibu na mashamba, mikononi mwa watu watakaojifunza kazi, kisha ukue kwa kadiri korosho zinavyopatikana. Tusijenge tena reli ya karanga.

Sisi tulioko katika chama tunapenda kusema kwamba chama ni cha wakulima na wafanyakazi. Neno hili ni zuri. Lakini mkulima hulipima kwa namna tunavyoingia katika shamba lake. Akida aliingia na kiboko, Mwingereza akaingia na tingatinga, na wakati mmoja sisi tuliingia na lori. Wote watatu tulikuwa na haraka, na wote watatu ardhi ilitukatalia.

Safari ijayo tuingie kwa hodi, na tungoje mpaka mwenye shamba aseme karibu.